Sidney Bechet: Mkali wa jazi aliyepiga ala sita peke yake kwenye wimbo mmoja

Siku hizi msanii akikosea mstari mmoja studio, prodyuza anarudisha nyuma, anarekodi upya kipande kile kile kilichoharibika, kazi inaendelea. Sidney Bechet hakuwa na bahati hiyo.

Aprili 1941, kwenye studio ya kampuni ya Victor mjini New York, Mmarekani huyo alirekodi wimbo wa "The Sheik of Araby" bila bendi. Piano, dramu, besi, saksafoni mbili na klarineti, zote alipiga mwenyewe.

Alifanyaje? Studio za Marekani zilikuwa bado hazitumii tepu. Sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye santuri. Bechet alianza na piano. Santuri ile ikapigwa, naye akaisikiliza huku akipiga ala ya pili, na sauti zote mbili zikachongwa kwenye santuri mpya. Hivyo hivyo hadi ala ya sita.

Ukikosea katikati, unarudia ala hiyo tangu mwanzo. Halafu kila santuri mpya ilibeba na mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Mpaka anamaliza, piano ya kwanza ilikuwa imenakiliwa mara tano, na hakuna aliyeweza kuipandisha sauti kwa sababu kila kitu kilishachanganyika.

Na huyu jamaa hakuwa anasoma nota! Kila kitu kilikuwa kichwani.

Bechet alizaliwa New Orleans mwaka 1897 na alianza klarineti akiwa mtoto. Mwaka 1919 alikwenda Ulaya na bendi, na huko London akanunua saksafoni ya soprano, ala iliyompa jina.

Kipaji alikuwa nacho, ila hasira nazo zilikuwa karibu. Huko Paris aligombana na mwanamuziki mwenzake, bastola zikatoka, watu wakajeruhiwa. Alifungwa karibu mwaka mmoja, kisha akafukuzwa Ufaransa. Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu Marekani, mwaka 1933 yeye na mpiga tarumbeta Tommy Ladnier walifungua duka la ushonaji Harlem ili mkono uende kinywani.

Wapiga tarumbeta wengi walilalamika kwamba Bechet akiwa jukwaani hampi mtu nafasi. Ile siku ya 1941 hapakuwa na wa kugombea naye nafasi, lakini hata wa kumjibu hakuwepo. Ukiisikiliza rekodi ile unalisikia hilo: ufundi upo, ila ule mvutano wa bendi haupo. Baadaye alirudi kwenye kurekodi na wenzake.

Nchi iliyomfukuza ndiyo iliyomkumbatia. Alirudi Ufaransa mwaka 1949, akahamia huko, na "Petite Fleur" ya mwaka 1952 ikamfanya staa mkubwa. Alifariki karibu na Paris Mei 14, 1959, siku aliyotimiza miaka 62.