Röntgen na Mionzi Isiyokusanyika

Mtoto wa Mwanhuzi akichukua miwani ya kusomea ya babu yake na kuikinga juani, nuru hukusanyika mahali padogo, hata jani kavu likaungua. Kioo cha namna hiyo, kinene katikati na chembamba pembeni, huitwa lenzi. Wilhelm Conrad Röntgen alitaka kuikusanya mionzi yake vivyo hivyo, akashindwa.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1845 huko Lennep, Ujerumani, akalelewa Uholanzi. Shuleni mwenzake alichora picha ya kumdhihaki mwalimu. Röntgen akakataa kumtaja, akafukuzwa yeye. Ikambidi kwenda Zürich, katika nchi ya Uswisi, ambako chuo cha ufundi kilimpokea bila cheti cha shule.

Jioni ya tarehe 8 Novemba, 1895, akiwa profesa mjini Würzburg, alikuwa akipitisha umeme katika chupa iliyotolewa hewa. Chupa ilifunikwa kwa karatasi nyeusi, lakini kwa mbali ubao uliopakwa dawa ukang'aa gizani. Kumbe ilikuwapo mionzi isiyoonekana kwa macho! Akaiita X, alama ya jambo lisilojulikana. Tarehe 22 Desemba alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha. Ikaonekana mifupa, na pete kidoleni.

Ndipo alipojaribu lenzi za kioo na za mpira mgumu. Mionzi ilipita moja kwa moja. Mwenye tamaa ya sifa angaliweza kulinyamazia jambo hilo. Yeye aliliandika katika taarifa yake ya kwanza, kwamba lenzi haziikusanyi, na kama mionzi hupinda, basi hupinda kidogo mno kwa vyombo vyake kupima.

Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia, na fedha zake akakiachia chuo chake. Alifariki mjini Munich tarehe 10 Februari, 1923.

Neno lake lilisimama miaka 100. Mwaka 1996, huko Grenoble, Ufaransa, Anatoly Snigirev na wenzake walitoboa matundu 30 membamba katika kipande cha alumini, yakifuatana mstari mmoja. Eksirei hupinda kinyume cha nuru ya jua, kwa hiyo linaloikusanya ni tundu, wala si unene. Na kwa kuwa tundu moja huipinda kidogo sana, yalitakiwa mengi. Mionzi ikakusanyika, ikawa mstari mwembamba kuliko unywele.