HAMILTON NAKI: MTUNZA BUSTANI ALIYEWAFUNDISHA MADAKTARI

 Ninalo deni mbele yenu, na kwa kuwa nililikopa hadharani, sina budi kulilipa hadharani.

Katika mkutano wetu mmoja uliopita nilipewa nafasi ya kusema na wanafunzi bwaloni. Niliwasimulia habari za Hamilton Naki wa Afrika Kusini, mtu mweusi aliyeanza kazi kwa kutunza bustani. Nikawaambia kwamba siku moyo wa binadamu ulipopandikizwa kwa mara ya kwanza duniani, Naki ndiye aliyeutoa moyo ule kifuani mwa marehemu, kwa siri, kwa sababu Makaburu wasingekubali ijulikane. Vijana wakapiga makofi. Baadaye kijana mmoja wa kidato cha tatu akanifuata nje, akaniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza habari ile niliisoma wapi. Nikamjibu kuwa niliisoma gazetini mwaka 2005, nilipokuwa Chuo Kikuu. Akauliza tena kama gazeti lile halikuisahihisha baadaye. Sikuwa na jibu. Nilikwenda kutafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Hamilton Naki alizaliwa tarehe 26 Juni, 1926, katika kijiji kimoja cha Transkei. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini. Alisoma mpaka alipofika umri wa miaka 14 hivi, kisha akaenda Cape Town kutafuta kazi, kama walivyofanya vijana wengi wa kwao. Alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Cape Town, akawa mtunza bustani na mtengenezaji wa viwanja vya tenisi. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Mwaka 1954 Profesa Robert Goetz, aliyekuwa akifanya utafiti katika maabara ya upasuaji pale chuoni, alihitaji mtu mwenye nguvu wa kumsaidia kumshika twiga. Ndugu msomaji, usicheke. Twiga tunayemwona huko chini Mkomazi ana jambo la ajabu mwilini mwake. Shingo yake ni ndefu kiasi cha meta mbili, na moyo wake hauna budi kuisukuma damu kwa nguvu ipatayo mara mbili ya ile ya binadamu ili ifike kichwani. Hata hivyo, anapoinama kunywa maji hapasuki mshipa, na anapoinuka hazimii. Profesa alitaka kujua sababu. Naki akaitwa kutoka bustanini akamshika twiga, na kuanzia siku hiyo hakurudi kabisa kwenye majani.

Kwanza alisafisha vizimba vya wanyama na kuwapima uzito. Kisha akajifunza kuwalaza kwa dawa ya usingizi, kazi inayotaka uangalifu mkubwa, kwa maana dawa ikizidi mnyama hufa, na ikipungua huamka akiwa amepasuliwa. Baadaye akajifunza kushona mishipa ya damu. Alijifunza kwa kutazama na kwa kutenda, maana hakuwa na cheti cha kumwezesha kuingia darasani, na sheria na desturi za ubaguzi wa rangi zilimfungia milango mingine yote.

Wakati huo huo alikuwapo Cape Town daktari wa upasuaji aitwaye Christiaan Barnard. Huyu alikwenda Marekani kusoma, akarejea mwaka 1958 na mashine ya moyo na mapafu. Mashine hiyo huipokea damu kutoka mwilini, huitia oksijeni, kisha huisukuma irudi mwilini, na hivyo daktari hupata nafasi ya kuusimamisha moyo na kuufanyia kazi. Bila mashine ya namna hiyo, habari ya kubadilisha moyo ingebaki ndoto. Lakini mashine peke yake haitoshi. Mikono nayo lazima izoee, na haiwezi kuanza kuzoelea juu ya mgonjwa. Kwa hiyo Barnard na wenzake walifanya majaribio juu ya makumi ya mbwa, na Naki alikuwa mmoja wa wasaidizi katika kazi ya wanyama.

Tarehe 3 Desemba, 1967, katika hospitali ya Groote Schuur, Barnard alimpandikiza Louis Washkansky, mfanyabiashara wa duka, moyo wa Denise Darvall, msichana wa miaka 25 aliyegongwa na gari. Washkansky aliishi siku 18, akafa kwa homa ya mapafu. Moyo ulikuwa ukifanya kazi vizuri, lakini dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo mgeni zilikuwa zimemwondolea kinga. Mgonjwa wa pili, Philip Blaiberg, alipata moyo tarehe 2 Januari, 1968, akaishi zaidi ya miezi 19. Yeye alikuwa mzungu, na moyo aliopewa ulikuwa wa Clive Haupt, kijana chotara. Katika nchi ile watu hao wawili wasingeruhusiwa kukaa benchi moja, lakini moyo wa mmoja ulikubali kudunda kifuani mwa mwingine.

Sasa nalipa deni langu. Naki hakuwamo katika chumba cha upasuaji tarehe 3 Desemba, 1967. Moyo wa Darvall ulitolewa na madaktari wenye majina yanayojulikana, na kati yao alikuwamo Marius Barnard, mdogo wake Christiaan. Hadithi ya siri ilienea miaka ya karibu na kifo cha Naki, nayo ikaingia katika magazeti makubwa ya Uingereza na Marekani alipofariki tarehe 29 Mei, 2005. Mwaka huo huo magazeti hayo yalichapa masahihisho. Mimi nilisoma habari, masahihisho sikuyasoma.

Je, ukiondoa hadithi hiyo, Naki anabaki na nini? Anabaki na mengi. Baada ya mwaka 1968 alishiriki maabarani katika kutafuta njia ya kuweka moyo wa pili kifuani bila kuuondoa ule mgonjwa, ili mioyo miwili isaidiane. Faida yake ni kwamba mwili ukiukataa moyo mpya, ule wa zamani bado upo. Barnard aliitumia njia hiyo kwa binadamu kuanzia mwaka 1974. Siku hizi pampu ndogo zinazofungwa moyoni hufanya kazi inayofanana na hiyo, zikimshikilia mgonjwa wakati anapongojea moyo mwingine. Baadaye Naki alihamia utafiti wa kupandikiza ini, upasuaji ulio mgumu sana, akawa anawafanyia nguruwe. Vijana waliohitimu udaktari walikuja maabarani, naye akawaonyesha jinsi ya kushika sindano na kushona mshipa mwembamba. Aliendelea hivyo mpaka alipostaafu mwaka 1991. Mwaka 2002 Serikali ya Afrika Kusini huru ilimpa nishani ya Mapungubwe, na mwaka 2003 Chuo Kikuu kile kile alichokifyekea majani kikamtunukia shahada ya heshima ya uzamili katika sayansi ya tiba.

Mimi ni mtumishi wa Serikali. Kazini kwetu maisha ya mtu hukaa ndani ya jalada: tarehe ya kuajiriwa, cheo, vyeti. Jalada la mtu kama Naki lingesema kidogo sana, na huo ni udhalimu aliotendewa na utawala wa kibaguzi. Lakini nimejifunza kwamba jalada pungufu halitengenezwi kwa kughushi. Tulipomwongezea usiku mmoja wa uongo, tulimfanya mtu ambaye sifa yake yote yategemea usiku huo, na uongo ulipofichuka wako waliodhani hakufanya lolote. Tuliisahau miaka zaidi ya 30 ya kweli, ambayo ndiyo yenye kustahili makofi.

Ninyi vijana, msidhani nasema vyeti havina maana. La hasha! Naki hakuchagua kukosa shule. Ninyi mnayo, na masomo yake, yaani biolojia, kemia na fizikia, yako mbele yenu. Someni kwa bidii, na mzee akisimama bwaloni kuwasimulia jambo zuri mno, mpigieni makofi kwa adabu, halafu mfuateni nje mkamwulize alilisoma wapi.

Kijana wa kidato cha tatu, popote ulipo, ahsante. Nililipokea swali lako kwa uso wa hasira kidogo. Naomba radhi.