Jimi Hendrix na Kanda za Mjomba

Mwalimu mlezi wa chama alipotutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu wengi walikimbilia marais na waandishi wa vitabu. Mimi nilikumbuka boksi lililo chini ya kitanda changu kule nyumbani. Ndani mna kanda 23 nilizoachiwa na marehemu mjomba, ambaye alikuwa baharia na alizinunua moja moja katika bandari za Ulaya, hasa Hamburg. Zote ni za mpiga gitaa mmoja tu, Mmarekani mweusi aliyeitwa Jimi Hendrix, na hakuna hata moja iliyotolewa na kampuni ya muziki. Ni kanda za magendo. Mtu aliingia tamashani na kinasa sauti amekificha ndani ya koti, akarekodi bila ruhusa ya yeyote, kisha kanda ikanakiliwa na kuuzwa chini kwa chini.

Hendrix alizaliwa tarehe 27 Novemba 1942 mjini Seattle, akapewa jina la Johnny Allen. Baba yake, Al, alikuwa jeshini wakati huo. Aliporudi baada ya vita alimbadilisha mtoto jina akamwita James Marshall. Utoto wa kijana huyu ulikuwa wa shida tupu. Wazazi walitengana, mama akafariki mwaka 1958, na karibu na wakati huo ndipo alipopata gitaa lake la kwanza, gitaa kuukuu la dola 5. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na magitaa mengi hutengenezewa watu wa kulia. Basi yeye aliligeuza juu chini, akazifunga nyuzi upya, akajifundisha mwenyewe kwa kusikiliza.

Mwaka 1961 aliingia jeshi la Marekani, akawa askari wa miavuli kule Fort Campbell, Kentucky. Hakudumu. Mwaka uliofuata aliachiliwa, akaanza kuzunguka akipiga gitaa nyuma ya waimbaji wakubwa kama Isley Brothers na Little Richard. Njaa ilimjua kwa jina! Ndiyo sababu mnamo Oktoba 1965, huko New York, alitia sahihi mkataba uliompa dola 1 taslimu na ahadi ya asilimia 1 ya mauzo. Tafadhali ikumbukeni dola hiyo.

Mwaka 1966 Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya The Animals, alimsikia katika klabu moja ya New York, akamchukua hadi London mwezi Septemba. Huko waliunda bendi ya watu watatu: Hendrix, Noel Redding kwenye besi na Mitch Mitchell kwenye ngoma. London ilipagawa. Tarehe 4 Juni 1967, siku chache tu baada ya The Beatles kutoa albamu yao ya Sgt. Pepper, Hendrix alifungua tamasha kwa wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, ilhali wawili wa Beatles wenyewe, Paul McCartney na George Harrison, walikuwa wameketi wakimtazama. Hebu fikiria ujasiri wa yule jamaa! Wiki mbili baadaye, tarehe 18 Juni, alikuwa Monterey, California, akaliwasha moto gitaa lake jukwaani, na Marekani iliyokuwa haimjui ikamjua.

Sasa nije kwenye boksi langu. Katika uhai wake Hendrix alitoa albamu tatu tu za studio, mbili mwaka 1967 na moja mwaka 1968. Ukizisikiliza hizo peke yake utadhani umemjua, kumbe bado. Mtu huyu hakupiga wimbo mmoja kwa namna moja mara mbili. Wimbo uliokuwa wa dakika tatu kwenye sahani ungeweza kufika kumi jukwaani. Katika boksi nina Stockholm ya tarehe 9 Januari 1969, ambapo anasikika kama mtu aliyechoka na asiye na furaha. Nina pia ukumbi wa Royal Albert mjini London, tarehe 24 Februari mwaka huohuo, ambapo gitaa linalia kama lina mapafu. Wimbo ni uleule na watu ni walewale, na kati yake ni wiki sita tu. Hayo ndiyo maisha yake halisi, na bila wale wenye kanda za magendo tungeyajulia wapi?

Mjomba alikuwa na taratibu zake. Kila jalada aliliandika tarehe, mji, na kama kanda ilitoka kwa watazamaji au kwenye mitambo ya ukumbi. Kisha aliandika ni nakala ya ngapi, kwani kila kanda inaponakiliwa mvumo huongezeka na muziki hufifia, kama karatasi ya mtihani iliyopigwa fotokopi mara kumi. Alinifundisha pia kutambua kanda inayokimbia. Hendrix alikuwa na desturi ya kulegeza nyuzi zake kwa nusu sauti, kwa hiyo kanda ikilia juu kuliko kawaida yake, uwezekano mkubwa ni kwamba kasi ya mashine wakati wa kunakili haikuwa sahihi.

Mama yangu, lakini, hataki kabisa kusikia habari hizi. Kwake boksi lile ni mali ya wizi, na mara mbili ametishia kulitupa. Nami siwezi kusema amekosea, maana Hendrix aliibiwa sana. Ile dola 1 ilimfuata mahakamani mara tu alipopata jina. Ili kumaliza kesi kule Marekani ilibidi aitoe albamu nzima, Band of Gypsys, iliyorekodiwa jukwaani New York tarehe 1 Januari 1970. Waliouza kanda za magendo nao hawakumpa hata senti. Lakini sikilizeni kilichotokea baadaye. Mzee Al alishinda haki za muziki wa mwanawe mwaka 1995, na mwaka 1998 familia ilianzisha lebo ya Dagger kwa ajili ya rekodi za aina hii. Toleo lake la kwanza lilikuwa tamasha la Oakland, California, la tarehe 27 Aprili 1969, lililorekodiwa na shabiki aliyekuwa miongoni mwa watazamaji! Nilipomwambia mama hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba familia kutoa chake ni jambo moja, na mjomba kununua bandarini ni jambo jingine. Bado tunabishana.

Mengine mnayajua: Woodstock, tarehe 18 Agosti 1969, alipopanda jukwaani Jumatatu asubuhi wakati umati mkubwa ulikuwa umeshaondoka, akaupiga wimbo wa taifa wa Marekani hadi ukasikika kama vita vya Vietnam. Alifariki London tarehe 18 Septemba 1970, baada ya kumeza vidonge vingi vya usingizi na kupaliwa na matapishi. Alikuwa na miaka 27. Amezikwa Renton, karibu na Seattle.

Kanda ya 23 ni ya tamasha lake la mwisho, kisiwani Fehmarn, Ujerumani, tarehe 6 Septemba 1970, siku kumi na mbili kabla ya kifo chake. Mvua na upepo vilikuwa vimeahirisha onyesho kwa siku moja, na watu waliolowa walimzomea alipotokea. Akapiga tu, mpaka wakawa wake. Utepe wa kanda hiyo ulikatika likizo iliyopita. Niliuunganisha kwa selotepu na kuuzungusha kwa penseli, ila sekunde mbili tatu za gitaa zimepotea katikati. Redio kaseti yetu nayo imeanza kutafuna. Yeyote mwenye redio ya kanda inayofanya kazi, awe mwanafunzi au mwalimu, tafadhali anione kabla shule haijafungwa, nipate kuzinakili zilizobaki.