Alan Blumlein

Alan Dower Blumlein (Hampstead, London, 29 Juni 1903 – karibu na Welsh Bicknor, Uingereza, 7 Juni 1942) alikuwa mhandisi wa elektroniki anayejulikana hasa kwa kubuni sauti ya stereo.

Mwaka 1931, akiwa sinema na Doreen, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake, alikerwa kuona mwigizaji akitembea upande mmoja wa pazia huku sauti yake ikitoka upande mwingine. Desemba mwaka huohuo aliomba hataza. Ndani yake alieleza jinsi ya kunasa sauti kwa maikrofoni mbili na kuziandika zote katika mfereji mmoja wa santuri, kila moja kwenye ukuta wake. Kadi za sauti za kompyuta na hedifoni za michezo bado hutumia njia mbili, kulia na kushoto, ili mchezaji ajue nyayo zinatoka wapi.

Mwaka 1934 alirekodi okestra katika studio za Abbey Road, lakini kampuni yake, EMI, haikuingiza santuri hizo sokoni.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alihamia kwenye kazi ya rada. Ndege ya Halifax iliyokuwa ikijaribu rada ya H2S iliwaka moto na kuanguka, na watu wote 11 waliokuwemo walikufa. Blumlein alikuwa na umri wa miaka 38 na hataza 128. Serikali ilificha habari za kifo chake ili Wajerumani wasijue. Santuri za stereo zilifika madukani mwaka 1958.