Bhimrao Ambedkar: Aliyenyimwa Maji Utotoni Akaandika Katiba ya India

Tunapozungumzia uhuru wa India, jina la kwanza kutujia mdomoni ni la Mahatma Gandhi. Ni haki yake. Lakini yupo mwingine ambaye sanamu zake, akiwa amevaa suti na miwani na kushika kitabu, zimesimama mijini na vijijini katika nchi ile yote. Huyo ni Daktari Bhimrao Ramji Ambedkar. Wakati wengi waliuliza Waingereza wataondoka lini, yeye aliuliza pia jambo jingine: wakishaondoka, Mhindi ataishi vipi na Mhindi mwenzake? Tumeona vema kusimulia maisha yake kwa sababu swali hilo linatugusa sisi waamini pia. Tena katika maisha yake kuna siku ambayo mlango wa Mkristo haukufunguka mbele yake.

Utoto juu ya gunia

Ambedkar alizaliwa tarehe 14 Aprili 1891 huko Mhow, mji wa kambi ya jeshi katikati ya India, akiwa mtoto wa kumi na nne wa wazazi wake. India ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Baba yake, Ramji, alikuwa mwalimu katika shule ya jeshi. Mama yake, Bhimabai, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka mitano hivi.

Familia hiyo ilikuwa ya Wamahar, mojawapo ya jamii zilizoitwa wasioguswa. Mfumo wa matabaka wa Kihindu uliwapanga watu tangu kuzaliwa, na hawa walikuwa chini ya matabaka yote. Kazi zao zilikuwa kuondoa mizoga, kufagia na kubeba uchafu wa wengine. Hawakuruhusiwa kuingia hekaluni wala kuteka maji katika kisima cha wote, kwa kuwa mguso wao ulihesabiwa kuwa najisi.

Huko Satara, Bhimrao alianza shule. Alikaa peke yake pembeni, juu ya kipande cha gunia alichokibeba kutoka nyumbani na kurudi nacho jioni. Akishikwa na kiu, hakuruhusiwa kugusa bomba. Ilibidi tarishi wa shule amfungulie maji, na siku ambayo tarishi hakuwepo, mtoto alishinda na kiu yake. Alipotaka kujifunza Kisanskriti, lugha ya maandiko matakatifu ya Wahindu, alikataliwa, akasoma Kiajemi badala yake.

Baba yake hakukata tamaa. Familia ilihamia Bombay, ikaishi katika chumba kimoja, na kijana akasoma usiku. Mwaka 1912 alipata shahada ya kwanza. Mfalme wa Baroda, Sayajirao Gaekwad, aliyependa kuwainua wanyonge, alimpa ufadhili, na mwaka 1913 Ambedkar akasafiri kwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Huko, kwa mara ya kwanza, alikaa darasani na kula mezani na wenzake bila mtu kuuliza alizaliwa na nani. Baadaye alisoma uchumi na sheria London.

Siku ya Baroda

Mwaka 1917 fedha za ufadhili zilikwisha, naye akarudi India kumtumikia mfalme aliyemsomesha. Alikuwa na elimu ambayo Wahindi wachache sana wa wakati ule walikuwa nayo. Hata hivyo, katika mji wa Baroda hakupata nyumba ya kupanga. Akaingia katika nyumba ya wageni ya Waparsi, akajiandikisha kwa jina la Kiparsi, akalala humo kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja walikuja wanaume wenye fimbo, wakamtaka atoke jioni ile ile.

Ambedkar alikuwa na marafiki wawili mjini, mmoja Mhindu na mwingine Mkristo. Yule Mhindu alimweleza kwamba akimpokea, watumishi wake wote wataondoka. Akamwendea Mkristo. Huyu alijibu kwa upole kwamba mkewe angefika kesho yake, na ingebidi kwanza ashauriane naye. Baadaye Ambedkar alielewa maana ya jibu lile. Mume na mke wote walitoka katika ukoo wa Wabrahmini, tabaka la juu kabisa. Mume alikuwa amebadilika kimawazo tangu aongokee Ukristo, lakini mke alikuwa bado ameshika desturi za zamani, asingekubali mtu asiyeguswa alale chini ya paa lake. Ambedkar alikwenda kuketi katika bustani ya mji akisubiri treni ya usiku ya Bombay.

Tunaomba msomaji asiipite habari hii upesi. Mkristo yule hakumtukana mtu wala kushika fimbo. Alichofanya ni kuahirisha tu.

Maji ya Mahad

Ambedkar alirudi London kumaliza masomo, akapata shahada ya udaktari wa uchumi mwaka 1923, kisha akaanza kazi ya uwakili Bombay. Angeweza kuishi kwa raha. Badala yake alianzisha magazeti na vyama vya kuwatetea watu wake.

Katika mji wa Mahad kulikuwa na bwawa la maji liitwalo Chavdar. Baraza la kutunga sheria la Bombay lilikwisha kuamua mwaka 1923 kwamba maji ya umma ni ya watu wote, na manispaa ya Mahad ikakubali. Lakini uamuzi ulibaki karatasini. Waislamu na Wakristo waliteka maji pale, hata wanyama walikunywa, ila wasioguswa hawakuthubutu. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar aliongoza maelfu ya watu hadi bwawani. Aliinama, akachota kwa mkono, akanywa. Nao wakanywa.

Ghadhabu haikuchelewa. Wengi wao walipigwa kwa fimbo walipokuwa wakirejea makwao. Kisha watu wa matabaka ya juu wakalitakasa bwawa kwa mitungi 108 ya mchanganyiko wa samli, maziwa, mkojo na mavi ya ng'ombe. Kesi ya bwawa lile ilichukua miaka kumi, na hatimaye mwaka 1937 Mahakama Kuu ya Bombay ikawapa haki waliotengwa.

Mfungo wa Gandhi

Jaribu gumu zaidi lilikuja mwaka 1932. Baada ya mikutano ya London kuhusu mustakabali wa India, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba wasioguswa watapiga kura peke yao kuwachagua baadhi ya wawakilishi wao. Ndilo jambo ambalo Ambedkar alikuwa amelipigania. Gandhi, naye akichukia sana utengano, aliona hatua hiyo itawatenga watu hao na Wahindu wengine daima. Akiwa gerezani Yerwada, tarehe 20 Septemba alianza mfungo wa kufa.

Nchi nzima ikamgeukia Ambedkar. Akikubali, atakuwa ameachia haki ya watu wake. Akikataa na Gandhi akafa, wasioguswa wa vijijini, wasio na ulinzi wowote, wangelipiziwa kisasi. Tarehe 24 Septemba alitia saini mapatano ya Poona. Viti vya watu wake katika mabaraza ya majimbo vilipanda kutoka 71 hadi 148, lakini wawakilishi wangechaguliwa kwa kura za wote. Aliokoa maisha ya Gandhi, na baadaye mara nyingi aliyalalamikia mapatano yale. Sisi hatuoni sababu ya kumgeuza mmoja wao kuwa adui wa haki. Wote wawili walitaka dhambi ile iishe. Mmoja aliitazama akiwa juu, mwingine aliibeba mgongoni.

Katiba na nyumba yenye nyufa

India ilipopata uhuru tarehe 15 Agosti 1947, Ambedkar aliteuliwa kuwa waziri wa sheria, kisha mwenyekiti wa kamati ya kuandika rasimu ya Katiba. Afya yake ilikuwa imedhoofu kwa kisukari, na sehemu kubwa ya mzigo ilimwangukia yeye. Katiba ilipitishwa tarehe 26 Novemba 1949, na ibara yake ya 17 ikafuta desturi ya kumhesabu mtu kuwa asiyeguswa. Mtoto aliyekalia gunia alikuwa amesimamia uandishi wa sheria kuu ya taifa lake.

Hata hivyo hakusherehekea kupita kiasi. Aliwaonya wabunge kwamba usawa wa kura hautadumu ikiwa watu hawana usawa katika jamii na uchumi. Mwaka 1951 alijiuzulu uwaziri, hasa kwa sababu muswada wa kuwapa wanawake wa Kihindu haki katika ndoa na urithi ulikwama bungeni.

Alikotafuta pumziko

Mkewe, Ramabai, aliyezika watoto wao wanne, alitamani kuhiji Pandharpur. Ambedkar alimzuia, akijua kwamba angesimamishwa mbali na hekalu. Ramabai alifariki mwaka 1935, na mwaka huo huo Ambedkar alitangaza kwamba hatakufa akiwa Mhindu.

Viongozi wa dini mbalimbali walimwalika, Wakristo wakiwemo. Alizisifu shule na hospitali za wamisionari. Lakini aliona pia kwamba waongofu wengi waliingia kanisani na matabaka yao, na kwamba yapo makanisa ambamo waliotengwa walikaa upande wao na kuzikwa upande wao. Tarehe 14 Oktoba 1956, huko Nagpur, aliingia dini ya Kibudha pamoja na watu laki kadhaa. Alifariki Delhi tarehe 6 Desemba mwaka huo huo.

Sisi tunajifunza nini?

Maaskofu Katoliki wa India walikiri wazi mwaka 2016 kwamba ubaguzi wa tabaka umo hata ndani ya Kanisa, wakaweka sera ya kuuondoa. Mwaka 2022 Papa Fransisko alimfanya Anthony Poola, Askofu Mkuu wa Hyderabad, kuwa kardinali wa kwanza anayetoka katika jamii hizo. Ni hatua za kumshukuru Mungu, ingawa zimechelewa.

Bwana wetu aliketi kisimani akamwomba maji mwanamke Msamaria, ambaye Wayahudi wa siku zile hawakuchangia naye chombo. Hakungoja kushauriana na mtu. Basi tunawaalika ndugu zetu waseminari na waamini, kila mmoja aangalie nyumbani kwake na parokiani kwake: je, kikombe cha msaidizi wa kazi za nyumbani kimewekwa kando? Je, kuna mtu ambaye kabila lake, ugonjwa wake au umaskini wake unafanya asipewe nafasi kwaya inapopangwa au viongozi wa jumuiya wanapochaguliwa? Akitujia jioni na mzigo wake, tusimwambie kwamba tutamjibu kesho.