Frédéric Ozanam, Mwalimu Aliyejibu kwa Matendo

Mwaka wa 1831 mji wa Lyon, katika nchi ya Ufaransa, ulikuwa umejaa manung'uniko. Wafumaji wa hariri walitengeneza nguo za matajiri, na watoto wao wenyewe walilala njaa. Ndipo walipofika wahubiri wa namna mpya, wafuasi wa Saint-Simon. Hao walitangaza kwamba dini ya Kristu imekwisha zeeka, kwamba urithi wa mali lazima ufutwe, na kwamba mafundisho yao yataleta paradizo hapa duniani. Mwezi wa Novemba mwaka ule wafumaji walishika silaha, kwa sababu wafanya biashara walikataa kuwalipa bei iliyopatanwa, na damu ikamwagika.

Katika mji huo alikaa kijana mmoja, jina lake Frédéric Ozanam. Alizaliwa Milan tarehe 23 Aprili 1813, akalelewa Lyon na wazazi wenye imani. Baba yake alikuwa mganga, na maskini wengi aliwatibu bure. Frédéric alipopata miaka 18, aliandika kitabu kidogo cha kuyakanusha mafundisho ya Saint-Simon. Kisha akaenda Paris kujifunza sheria.

Huko Paris wanafunzi walikuwa wakikutana na kubishana juu ya dini na historia. Ozanam aliitetea Eklezia kwa ufasaha. Lakini siku moja mpinzani mmoja alikubali kwamba zamani Wakristu walitenda makuu, kisha akauliza wanawafanyia nini maskini wa leo. Neno hilo lilimchoma Ozanam moyoni. Aliona ya kuwa mafundisho ya mtu yule yalikuwa na kosa, lakini swali lake lilikuwa la haki. Na maneno matupu hayavunji mfupa.

Basi tarehe 23 Aprili 1833, siku alipotimiza miaka 20, Ozanam na wenzake wachache walikusanyika kwa bwana Emmanuel Bailly, wakaanzisha chama kilichoitwa baadaye Chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo. Sista Rosalie Rendu, aliyewajua fukara wa mtaa wa Mouffetard nyumba kwa nyumba, aliwaonyesha njia. Hawakutuma sadaka kwa mkono wa mwingine. Walipanda ngazi wenyewe, wakiwa na mkate na kuni, wakaketi na wagonjwa, wakasikiliza shida zao.

Mwaka wa 1839 Ozanam aliitwa kufundisha sheria za biashara mjini Lyon. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mfanyakazi si mashine, na kwamba mshahara wake sharti umtoshe kuishi, kusomesha watoto wake, na kupumzika katika uzee. Kisha akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Sorbonne. Mwaka wa 1841 alimwoa Amélie Soulacroix, na Mungu akawajalia binti mmoja, Marie.

Februari 1848 mfalme wa Ufaransa aliangushwa. Ozanam, pamoja na Padri Lacordaire na Padri Maret, alianzisha gazeti lililoitwa L'Ère nouvelle. Humo alipima mafundisho ya wasosialisti pasipo kuwatukana. Alionyesha kwamba mema yao, kama vile udugu na ushirika wa wafanyakazi, yalitoka katika ukristu wa zamani. Kosa lao lilikuwa kuyachukua matunda na kuukata mti. Walitaka kumnyang'anya mtu mali yake na kumweka chini ya serikali katika kila jambo, tena waliwachochea watu wa hali moja dhidi ya wengine. Lakini Ozanam hakuwaachilia matajiri nao. Aliwakumbusha kwamba bunduki hailishi mwenye njaa.

Mwezi wa Juni serikali ilifunga kazi zilizowapa mkate watu wengi wasio na ajira, na vita ikawaka katika njia za Paris. Ozanam na rafiki zake wawili walimwendea Askofu Mkuu Denis Affre, wakamsihi apatanishe. Tarehe 25 Juni Askofu alikwenda kati ya pande mbili, risasi ikampata, akafa tarehe 27. Maelfu ya watu walikufa, na walioumia kupita wote ni wale maskini ambao kwa jina lao vita ilitangazwa.

Wakatoliki wengi walimlaumu Ozanam kwa kuwatetea wafanyakazi, na gazeti lake likafungwa mwaka wa 1849. Yeye hakuacha kuwatembelea fukara mpaka ugonjwa ulipomzuia. Alifariki Marseille tarehe 8 Septemba 1853, mwenye miaka 40. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye heri mjini Paris, tarehe 22 Agosti 1997.

Wapenzi wasomaji, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na mwenye kupiga kelele uwanjani kwa ajili ya maskini, pasipo kuingia nyumbani mwao, hamjui vilevile. Mkristu akitaka kuwakanusha wanaohubiri chuki, kwanza abishe hodi mlangoni kwa jirani yake mhitaji. Na akiisha mpa mkate, asinyamaze juu ya haki yake. Mwenye heri Frédéric Ozanam, utuombee.