Gil Hodges: mtoto wa mchimbaji ambaye Brooklyn ilimwombea



Leo nawaletea mchezaji wa besiboli. Najua, hapa kwetu Geita mpira ni wa miguu, na hata Shinyanga ukitaja besiboli watu wanafikiria kofia. Lakini nivumilieni kidogo, maana maisha ya huyu jamaa yanaanzia mahali tunapopajua vizuri: mgodini.

Gil Hodges alizaliwa tarehe 4 Aprili 1924 huko Princeton, Indiana, Marekani, akakulia mji mdogo wa Petersburg. Baba yake, Charlie, alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Mgodi ulimuumiza zaidi ya mara moja, na alitaka wanawe wasishuke huko chini. Wazazi wa Nyarugusu na Rwamgasa watanielewa. Gil akasoma chuo cha Kikatoliki cha Mtakatifu Yosefu, kisha mwaka 1943 akasajiliwa na timu ya Brooklyn Dodgers. Alicheza mechi moja tu, vita vikamchukua. Alipigana Okinawa, akarudi na nishani ya Nyota ya Shaba.

Kwa kifupi mchezo wenyewe uko hivi. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Ukiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, hiyo ni homurani, unazunguka vituo vyote bila kusumbuliwa. Hodges alikuwa mlinzi wa kituo cha kwanza, na gongo lake lilikuwa zito. Tarehe 31 Agosti 1950 alipiga homurani nne katika mechi moja, kitu ambacho wachezaji wengi wakubwa hawajawahi kukifanya. Hadi anastaafu alikuwa na 370. Mikono yake ilikuwa mikubwa hivi kwamba wenzake walimtania eti glovu anavaa kwa mazoea tu.

Sasa sikieni ya mwaka 1952. Dodgers wanaingia fainali dhidi ya Yankees, mechi saba. Hodges, ambaye msimu huo alikuwa amepiga homurani 32, alihesabiwa zamu 21 za kupiga na hakupata pigo safi hata moja. Sifuri! Timu ikafungwa. Msimu wa 1953 ukaanza, hali ileile, mpaka mwezi Mei kocha akamweka benchi.

Kwetu tunajua kinachofuata mtu akikauka hivyo. Duara likichimbwa miezi bila kutoa mawe yenye dhahabu, utasikia yule kijana ana mkosi, asishuke na sisi, au apelekwe kwa mganga akaoshwe. Wenzake wanaanza kukaa naye mbali, na sidhani kama natia chumvi nikisema hilo linaumiza kuliko njaa yenyewe.

Brooklyn haikufanya hivyo, ingawa mashabiki wake walikuwa na midomo kwelikweli na waliwazomea wachezaji wao bila huruma. Hodges hawakumzomea. Walimtumia barua, rozari na medali. Jumapili moja ya joto kali, Padre Herbert Redmond wa kanisa la Mtakatifu Fransisko Ksaveri aliwaambia waamini kwamba siku hiyo hakuna mahubiri, waende nyumbani, wazishike amri za Mungu na wamwombee Gil Hodges. Nadhani ni mahubiri mafupi kuliko yote niliyowahi kuyasikia, na natamani baadhi ya mapadre wetu wayasome (msinisemee parokiani, jamani).

Basi, je, sala ilimponya? Kocha Charlie Dressen naye alimwonyesha filamu ya namna anavyopiga, ili auone mguu wake unaokimbia mpira. Mimi sioni ugomvi hapo. Anayeombewa bado anapaswa kurekebisha mguu. Alimaliza msimu huo na homurani 31, na fainali za mwaka huo akapiga vizuri. Mwaka 1955, mechi ya saba dhidi ya Yankees haohao, Dodgers walishinda 2-0. Pointi zote mbili zililetwa na gongo la Hodges, na mpira wa mwisho ulitua kwenye glovu yake. Ulikuwa ubingwa pekee wa dunia ambao Dodgers waliupata wakiwa Brooklyn.

Baadaye akawa kocha wa New York Mets, timu iliyokuwa kichekesho. Septemba 1968 alipata shambulio la moyo, akarudi kazini, na mwaka 1969 Mets wakawa mabingwa. Mwanzoni mwa msimu mtu angesema hivyo angechekwa.

Moyo ulimwangusha tena Florida, tarehe 2 Aprili 1972, Jumapili ya Pasaka, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 48. Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi hiyo akiwa Dodgers pamoja na Hodges, alikuja kumzika, naye akafariki Oktoba mwaka huohuo.

Jumba la heshima la besiboli lilimkataa Hodges kura baada ya kura, kwa miongo. Lilimwingiza Julai 2022. Binti yake Irene ndiye aliyesimama kuzungumza kwa niaba yake. Mjane wake, Joan, msichana wa Brooklyn aliyemwoa mwaka 1948, alikuwa na miaka 95. Septemba akamfuata mumewe.